Mtoto wa Nane

Nkende, Tarime
3 Februari 2025

Shangazi Elieth,

Shikamoo. Huku hatujambo. Baba mguu bado unamsumbua ila anatembea. Nimekupigia tangu Ijumaa naambiwa hupatikani, nikasema basi, kalamu ipo, na Nashoni anapandisha gari huko kwenu Jumatano.

Filamu imetoka. Ile ya katuni niliyokuwa nakwambia, "Ngao Tano": mashujaa watano wenye nguvu zisizo za kawaida, kila mmoja na hadithi yake ya dakika kumi na tano, kila hadithi na mchoraji wake. Mchoraji wa Mwanza ana dereva wa bodaboda anayepaa. Wa Kigoma ana msichana kipofu anayesikia moyo wa mtu ukidunda ng'ambo ya ziwa. Mimi ni wa tatu, nina Mama Kamba. Huyo unamjua. Ni wewe, nimekuvalisha joho jekundu, unarusha kamba isiyoisha na kuwatoa watoto wa shule mtoni.

Nilidhani siku ya kukuandikia habari hii nitakuwa na furaha. Shangazi, miaka miwili nimekaa mbele ya kompyuta mpaka macho yamekuwa mekundu kama ya mlevi, halafu watu wanatazama filamu yenye vipande vitano na kuanza kuvipanga kama ng'ombe mnadani: huyu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa kuchinja. Wa kuchinja ni wangu. Dar wamesema picha ni nzuri, hadithi haina chumvi. Mmoja ameandika mtandaoni, "Mama Kamba hachoki, haogopi, hapotezi chochote. Nilisinzia." Watu mia nne wamemuunga mkono. Mia nne! Nimewasoma wote.

Nimempa Nashoni flashi ampelekee Mwalimu Nassib, yule wa Tanga aliyepangiwa shule yenu, maana ana projekta. Nataka watu wa huko waione. Wao wanajua jambo lenyewe lilitokea kweli. Wao hawatasinzia. Niandikie walivyosema, na tafadhali usinifiche kitu.

Mwanao,
Anold


Nyanungu
16 Februari 2025

Anold mura, kijana wangu,

Marahaba. Barua imefika na flashi imefika. Mwambie baba yako aache kukandwa mguu na kila mpita njia, aende hospitali. Simu usihangaike nayo. Mtandao unashika dukani kwa Sylvester tu, na pale ukiongea, duka zima linaongea na wewe.

Filamu tumeiona jana saa tisa, darasa la sita. Mwalimu Nassib aliziba madirisha kwa maturubai, tukaazima jenereta ya kanisa. Watu walijaa mpaka wengine wakapanda juu ya madawati. Yule wa bodaboda wamempenda mno. Wazee walitaka kujua pikipiki ikipaa inakunywa mafuta kiasi gani, na Mwalimu hakuwa na jibu, wakamdharau kidogo. Yule kipofu amewaliza kina mama.

Ya kwako wameitazama.

Sasa umesema nisikufiche. Lile joho linabana, mwanamke mwenye heshima zake hawezi kuingia mtoni namna ile. Maji umeyapaka bluu. Mto wetu ukifurika unakuwa rangi ya chai ya maziwa. Kamba ya ndama haing'ai. Na ule mti ulioufungia kamba hauoti huku kwetu. Nadhani ndiyo maana hawakupiga makofi. Jenereta nayo ilikuwa na kelele.

Nina palizi, naishia hapa.

Shangazi yako,
Elieth


Nkende, Tarime
24 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Joho. Maji. Kamba. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nazidi kukasirika, unisamehe kwa kusema hivyo kwa mkubwa wangu.

Nimempigia Mwalimu Nassib, alikuwa amekuja mjini. Hakusema habari za jenereta. Anasema Mama Kamba alipokuwa akiwatoa watoto, kuna mama mmoja mstari wa pili alikuwa anawahesabu kwa sauti. Mmoja. Wawili. Watatu. Watu wakadhani amefurahi. Alipofika wa nane akasimama, akapiga ukelele ambao Mwalimu anasema hajawahi kuusikia. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, filamu ikiwa bado na vipande viwili. Na wa kwanza kutoka ulikuwa wewe. Yeye ni mgeni, akiuliza anajibiwa, "Mambo ya zamani hayo, Mwalimu."

Kwa nini nayasikia kwa mtu wa Tanga?

Nikwambie kilichopo. Kampuni inayoisambaza filamu inataka kuiuza kwenye televisheni, na wamesema kipande changu kinawavuta chini. Nirekebishe mwisho kabla ya tarehe kumi na tano Machi, la sivyo wanakitoa na filamu itaitwa "Ngao Nne." Wanasema shujaa wangu apoteze kitu. Apoteze nini? Mimi sikutunga! Mwaka juzi nilikaa jikoni kwako, kinasa sauti kikiwa juu ya meza, nikakuuliza ilikuwaje, ukasema: "Walikuwa wanane. Niliingia na kamba ya ndama, nikawatoa." Nimechora ulichosema. Watu wa Dar wanasema ni uongo mtamu, na watu wa kwenu, walioishi jambo lenyewe, wanatoka nje.

Kuna kitu hukuniambia?

Anold


Nyanungu
5 Machi 2025

Anold,

Nimeanza barua hii siku tano zilizopita. Nimechana karatasi mbili.

Aliyekuwa anahesabu ni Verdiana, mke wa marehemu Gasto, jirani yangu wa chini. Hukumjua kwa sababu ninyi mmekulia mjini, mkija huku mnakaa siku moja mnaondoka.

Ilikuwa mwaka tisini na nane, zile mvua za El Nino. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimeolewa huku mwaka wa pili. Nilikuwa nakata nyasi kivukoni, watoto wakatoka shule wakakuta maji yamefika magotini, wakaingia kama kawaida yao. Walipofika kwenye kile kisiwa cha mawe katikati, maji ya juu yakashuka. Wanane wamesimama kwenye mawe wanalia. Nilikuwa na kamba ya ndama, nikaifunga kwenye mgunga, nikaingia. Niliwatoa mmoja mmoja, mara sita. Usiniulize nguvu zilitoka wapi, sijui.

Walibaki wawili na mawe yalikuwa yanazama. Nikaona nikimchukua mmoja sitamkuta mwingine. Nikambeba Mogesi mgongoni, alikuwa wa miaka mitano, na Wegesa nikamshika mkono. Wegesa alikuwa na miaka tisa, binti wa Verdiana. Tulipofika katikati likaja gogo likatupiga. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kamba, mmoja kwa Wegesa. Gogo lilinisukuma, kamba ikaanza kuniponyoka, nikajua nahitaji mikono yote miwili, la sivyo tunakwenda watatu.

Nilifungua vidole, Anold. Hakuponyoka.

Niliwaambia watu maji yamemnyang'anya. Wakasema, "Umefanya makubwa, Elieth, umeokoa saba." Padri akanitaja kanisani. Mimi nikakaa na ile sifa miaka ishirini na saba kama nguo ya kuazima. Ulipokuja na kinasa sauti nikasema walikuwa wanane, nikawatoa. Nikanyamaza hapo. Sikusema wote. Wewe ukawachora wote.

Darasani Mogesi alikuwa amekaa nyuma yangu, sasa ana ndevu na watoto watatu. Alikuwa anacheka mpaka Verdiana alipofika saba. Halafu kwenye turubai la picha akatoka mtoto wa kike, wa nane, anapenga maji puani na kutabasamu. Nilitoka kwa sababu sikuweza kukaa humo ndani na mtoto huyo.

Mtoe. Wabaki saba. Sitaki tena picha inidanganyie watu.

Elieth


Nkende, Tarime
14 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Pole. Sijui neno lingine.

Barua yako niliipata tarehe saba, na tangu siku hiyo sijalala vizuri, nimefanya kazi mfululizo. Nimeibadilisha. Maji nimeyapa rangi uliyosema, kamba ni ya katani, joho nimelivua, una kanga mbili kiunoni. Na gogo linakuja. Na vidole vinafunguka, nimevichora kwa karibu, kimoja kimoja. Watoto saba wanakaa kwenye nyasi na Mama Kamba anatazama maji. Mwisho. Hakuna muziki.

Nimewapelekea kampuni jana. Shangazi, wamenipigia wenyewe! Wanasema hiki sasa ndicho kipande bora kuliko vyote vitano, wanataka kukiweka mwisho. Yule aliyesema alisinzia, kuna mtu amemwonyesha, ameandika, "Naomba radhi." Ungeniambia haya mwaka juzi, tungeokoa miezi mingapi! Sikulaumu. Lakini ungeniambia.

Jumamosi tarehe ishirini na mbili tunaionyesha Kisaka, kwenye ukumbi wa parokia. Baba yake Agape, mwenzangu wa kuhariri, ana ng'ombe huko na amealika kata nzima. Ningependa uje, ila najua ni mbali.

Anold


Nyanungu
17 Machi 2025

Anold,

Sijapata jibu lako, naandika kabla halijafika. Kama hujabadili, usibadili.

Verdiana amekwenda shuleni kwa Mwalimu Nassib siku nne mfululizo. Anakaa kwenye ngazi mpaka mapumziko, halafu anamwomba amfungulie pale mahali padogo, mtoto wa nane anapotoka majini. Hapo tu. Mwalimu alimfungulia kwenye kompyuta yake mara tatu, siku ya nne akaogopa, akasema mkuu wa shule amekataza. Jana amekuja kuniuliza mimi afanye nini na huyu mama.

Nilidhani Verdiana alipiga ukelele kwa hasira. Sikuelewa. Mwalimu anasema huwa anaweka kidole kwenye kioo, anafuatisha uso. Anasema, "Angekuwa na shingo kama hii akikua."

Nilikuwa nataka kujivua uongo wangu, sikufikiri nitamvua nani mwingine. Acha wanane. Kampuni wakikitoa kipande chako, wakitoe, utachora kingine. Nashoni anaondoka kesho asubuhi, nimemwapisha akupe mkononi. Nijibu upesi.

Elieth


Nkende, Tarime
24 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimetoka Kisaka jana, bado nina vumbi masikioni, na nina hasira ambazo sijui nimpelekee nani.

Ukumbi ulijaa. Wafugaji wamekuja na fimbo zao, wazee mbele, kwaya ya Mtakatifu nani sijui nyuma. Bodaboda wakacheka, kipofu wakalia, mambo yanaenda. Ikafika ya kwetu. Gogo lilipokuja, ukumbi wote ulivuta pumzi kwa pamoja. Hilo ndilo nililolitafuta miaka miwili, Shangazi, ile pumzi. Vidole vikafunguka. Watoto saba kwenye nyasi.

Mama mmoja akasimama, akatembea mpaka mbele ya turubai, kivuli chake kikafunika picha. Akaligusa lile turubai kwa kiganja. Akageuka akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeuliza njia: "Mmempeleka wapi?"

Watu wakaanza kupiga kelele akae. Mmoja akasema huyu amelewa. Agape akaniambia nimtoe, nami nikaenda nikamshika mkono, nikamwambia, "Mama, tafadhali, unawazibia wenzako." Akaniuliza, "Wewe ndiye mwenye picha?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ile ya kwanza ilikuwa nzuri." Nikamwambia hii ndiyo ya kweli. Alinitazama, nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikarudi ndani. Nilichukia, nakwambia ukweli. Nilichukia kwamba ameniharibia ile pumzi. Baadaye watu wakapiga makofi, lakini wengine walikuwa wanamzungumzia yeye.

Nilikuwa nimeishia hapo, nikaweka barua kwenye bahasha. Sasa ni saa kumi jioni na Nashoni amenigongea. Gari lilimharibikia njiani, amekaa juma zima akisubiri kipuri, na barua yako ya tarehe kumi na saba ilikuwa mfukoni mwake. Nimeisoma nimesimama mlangoni.

Shangazi, ni yeye? Alikuwa na gauni la kijani na mkoba wa plastiki. Alifikaje Kisaka? Nani alimwambia? Nilimshika mkono nikamtoa nje. Mimi mwenyewe.

Niambie nifanye nini. Faili la wanane bado ninalo. Naweza kulirudisha, kampuni wakasirike wanavyotaka. Au nije huko. Niandikie leo hii.

Anold


Nyanungu
30 Machi 2025

Anold,

Ni yeye. Aliyemwambia ni Mwalimu Nassib, kwa huruma yake tu, alimwambia filamu itaonyeshwa Kisaka. Alibadilisha gari mara mbili, akalala kwa binamu yake. Hakuna aliyemtuma.

Amerudi Jumatatu jioni na hakupitia kwake. Amekuja kwangu na mkoba huo huo. Nilikuwa napepeta ulezi. Hakunisalimia. Kiti kilikuwepo, akakaa juu ya ndoo.

Akasema, "Kisaka wapo saba."

Nikasema, "Najua."

"Nani amemtoa?"

"Mimi. Nilimwandikia Anold amtoe. Halafu nikamwandikia amwache, nikachelewa."

Akanitazama mpaka nikaweka ungo chini. "Elieth, wewe umenitolea mwanangu mara mbili."

Kuku waliingia wakala ule ulezi, sikuwafukuza. Akauliza, "Siku ile. Alikuponyoka, au ulimwachia?"

Miaka ishirini na saba, Anold, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Hata marehemu mume wangu. Nikasema, "Nilimwachia."

Nilitegemea anipige. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nisijikinge. Akatikisa kichwa tu. "Nilijua. Mtu aliyeponyokwa angekuja kwangu tukalia. Wewe ulinitumia debe la unga, ukapita njia ya juu mwaka mzima."

Ni kweli, nilipita njia ya juu. Nilidhani hakuona.

Nikainjika chai ili mikono iwe na kazi. Akauliza tena, chini chini, "Alisema kitu?"

Hili sijalisema hata kwa padri. Nikamwambia. Pale katikati ya maji, kabla gogo halijaja, Wegesa alikuwa analia, lakini si kwa kuogopa mto. Alikuwa anasema, "Mama atanichapa, daftari limelowa. Mama atanichapa."

Verdiana akajifunika mdomo kwa kanga. Mabega yakatikisika, nikadhani analia. Alipoifungua akasema, "Ningemchapa kweli. Daftari lilikuwa jipya." Hapo ndipo akalia, na sauti ilikuwa ile ile ya darasani.

Nilitaka kumshika bega, akanizuia kwa mkono.

Alipomaliza, akajifuta uso, akasema, "Mwambie huyo kijana wa kaka yako awaache hao saba." Nikamwambia bado unao wale wanane, unaweza kuwarudisha. Akasema, "Wa nini? Yule wa picha hakuwa Wegesa. Nilikuwa namtafuta kwenye kioo kwa sababu sikuwa na kitu kingine. Sasa niachieni. Na hilo la daftari asilichore."

Akachukua mkoba wake akaondoka. Chai ilibaki jikoni, haikuguswa.

Kwa hiyo umenielewa. Nimekuandikia ujue, siyo uchore. Kampuni wakikuuliza, wakikupa zawadi, wakikuita kwenye redio kueleza habari ya vidole, hilo la daftari halimo. Najua jinsi ulivyo, ukisikia kitu kizuri mkono unakuwasha. Ukilichora, usije tena kwangu.

Na usije sasa hivi kuomba msamaha. Ukija utataka akusamehe upesi ili urudi kazini. Msubiri. Mimi mwenyewe nasubiri.

Leo kanisani, wakati wa kupeana amani, alitoka kwenye benchi lake akashika mikono ya wote wa benchi letu, akianzia kwa Mogesi. Alipofika kwangu akanipita, akamshika Agness aliyekuwa kushoto kwangu. Watu wameona.

Kesho asubuhi nakwenda kwake. Napita njia ya chini, na sibebi kitu.

Shangazi yako,
Elieth